Kitabu cha Dada kwa Sauti

12 Februari

Dada,
Shikamoo. Hapa chuoni tu wazima, mafua tu ndiyo yanatuzunguka. Mgongo umepoa?

Wanafunzi wangu wasioona wanatahiniwa kwa kitabu chako cha haki za ubunifu, na hakipo kwa nukta nundu wala kwa sauti. Tulianza kukirekodi, mchapishaji akatukataza. Hebu zungumza nao. Si kitabu chako?

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Mgongo unauma nikikaa, na kazi ya profesa ni kukaa.

Kitabu nilikiandika mimi, lakini haki ya kukinakili niliwapa wao kwa saini yangu. Wamekataa. Ila nipo kwenye kamati inayoandika upya sheria ya haki hizo. Nimependekeza kifungu, nakuambatishia: chuo kilichosajiliwa kiombe kibali, kisha kirekodi. Vumilia.

Dada yako

9 Machi

Dada,
Shikamoo. Kompyuta imenisomea kifungu chako mara mbili. Kina nia njema, na kitatumaliza. Asiyeona aliye nyumbani kwake, hana chuo, akaombe wapi?

Nilimpigia karani wa kamati nikamuuliza ni nani kati yenu asiyeona. Akasema, "Profesa anawawakilisha." Nikacheka peke yangu. Hukuniuliza hata mimi nisiyeona, nasi tumekula sahani moja.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,
Hujambo?

Nimekiondoa kifungu. Niliomba ninyi msioona mwingizwe kamatini, mwenyekiti akasema, "Watatuchelewesha." Nikamwambia basi mmoja wenu achukue kiti changu. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nimekutaja wewe.

Kitabu nimekisoma mwenyewe, chote. Rekodi hiyo hapo. Wachapishaji wakishtaki, wanishtaki mimi.

Dada yako

21 Septemba

Dada,
Shikamoo. Sijambo, ila vikao vinachosha, sasa nakuelewa.

Kamati imepitisha: asiyeona, au anayemsaidia, arekodi bila kibali. Bunge bado, na wachapishaji wanapinga kweli kweli. Nimesikia wamefuta toleo jipya la kitabu chako. Pole sana.

Wanafunzi wanasema unasoma mbio kama unafukuzwa. Hata hivyo wamefanya mtihani. Binti mmoja ameandika kurasa tatu kuonyesha kwamba hoja yako ya sura ya mwisho haisimami. Nimeipitia hoja yake, nikampa alama zote. Anauliza kama utamjibu.

Mdogo wako