Mnara wa makaburini

Jumanne, Mkongo

Na ni mimi mwenyewe niliyesema, mbele ya kamati nzima, kwamba mnara wa intaneti ya kijiji tuusimamishe kwenye kilima cha makaburi kwa sababu mafuriko hayafiki. Wakakubali. Kwingine kote mto unapita.

Sasa intaneti ni yetu wenyewe, na inashika vizuri zaidi palepale makaburini. Watu wanatafuta wanunuzi wa ufuta wamesimama kati ya marehemu. "Haloo? Unanisikia?" Kutwa nzima. Inanikera, na wa kumlaumu simwoni ila mimi.

Leo alasiri nilikwenda kuwafukuza. Nikamkuta Bi Mwajuma, msuka mikeka, peke yake. Alivua kandambili, akawasalimia wafu kama inavyopasa, kisha akasimama miguuni pa kaburi la mama yangu.

Mama alipougua, walimpandisha kilima hichohicho anitafute kwa simu. Mimi nilikuwa Dar. Siku hizo mtandao haukushika hata pale. Jirani aliyembeba aliniambia kwamba mama aliita tu, simu sikioni, mpaka wakamteremsha.

Sijui kama ndiyo maana nilipachagua. Kwenye kikao nilisema mafuriko.

Nilikuwa nyuma ya Bi Mwajuma, hata sijafungua kinywa kumgombeza, alipopaza sauti kwenye simu yake: "Haloo, mwanangu, unanisikia?"

Nikaitika mimi, kwa sauti: "Nakusikia, mama."