Niliitikia Mbele ya Shemeji

Jumatano. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua imegoma. Nina hasira, na sina pa kuitolea ila hapa.

Asubuhi Baba Shija, mume wangu, alikuja na kaka yake na maksai wawili, wakasimama kwenye shamba langu la viazi vitamu. Alisema miche ya tumbaku imezidi kitaluni na shamba lake limejaa. Nilikuwa nimepanda wiki iliyopita, matuta kumi na nane, na mgongo bado unauma. Viazi vile ndivyo michembe yetu. Navikata, navianika, na mahindi yakiisha ghalani ndivyo tunavyokula. Tumbaku hailiwi. Huku Urambo kila mwanamke anajua hivyo, na kila mwaka njaa inatukuta vilevile.

"Mama Shija, si tulishakubaliana?" akaniuliza.

Hatukukubaliana chochote. Hakuwahi hata kunigusia. Lakini shemeji alikuwa ananitazama, na kwetu mke hampingi mume mbele ya kaka yake. Ukithubutu, utasemwa mpaka kwa mama yako mzazi.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Nilisema ndiyo.

Mimi, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, ninayewaambia wenzangu kila wiki kwamba shamba la chakula haliguswi! Mganga hajigangi, lakini mimi hata kujaribu sikujaribu. Maksai walipokuwa wanafukia matuta yangu nilikwenda jikoni, nikasonga ugali, nikawapelekea. Nikawanawisha na mikono. Najichukia kwa hilo kuliko hata kwa ile ndiyo.

Mchana akaja Mama Kulwa, mwenzangu wa kikundini. Mwaka jana alimkatalia mumewe kwa maneno niliyomfundisha mimi, na mume akahamia kwa mke mdogo. Shamba amebaki nalo, analima na wanawe tu. Niliogopa atanicheka. Angenicheka ningepata nafuu.

Alitua mzigo wa marando aliyoyakata kwake, mbegu ya viazi ya kupanda upya.

"Pandeni mapema, mama, yasinyauke," akasema, akaenda zake.

Sikuweza kumwambia kwamba sina pa kuyapanda. Nadhani alikuwa anajua.

Nimeyaweka kivulini nyuma ya nyumba, nimeyamwagia maji. Yatavumilia siku tatu hivi. Kesho asubuhi shemeji anarudi kulima kona iliyobaki, matuta manne. Nataka nimwambie Baba Shija, kaka yake akiwapo, kwamba sikukubali na kona ile siitoi. Nimejaribu kuyasema maneno hayo peke yangu jikoni, na hata pale nimeyasema kwa kunong'ona.

Mama Kulwa alipigania shamba zima, akampoteza mume.

Je, mimi nitaweza hata kona?