Alichokisema Shemeji Mbele ya Gemu

Pasua, Moshi
Jumapili mchana

Dada yangu Tekla,

Shikamoo. Anayekukabidhi barua hii ni mke wangu, Ndeshi, na huyo aliyemshika mkono ni binti yetu tuliyempa jina lako. Najua umewaona kwenye picha tu. Kabla hujawauliza lolote wape maji waoge, wale, wapumzike, maana kutoka huku hadi Ndanda mtu anafika hajijui. Kisha tafuta pa kukaa peke yako usome. Ningekupigia simu, lakini wewe simu unaiweka sauti ya juu pale uani na kila anayepita anadakia kusalimia. Haya si maneno ya kudakiwa.

Mguu unaendeleaje? Mama mdogo aliniambia umeanza tena kuvimba na wewe hutaki kurudi hospitali. Nenda, dada. Na ile mikorosho ya nyuma ya nyumba, mmeshaipulizia dawa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Huku mvua hazikatiki, mlima tumeusahau kwa mawingu, na barabara ya kwetu imegeuka tope tupu. Chakula kipo. Usingizi ndio unanipa taabu.

Nikueleze tangu mwanzo. Unajua nina kibanda cha gemu, televisheni chache na viti vya plastiki, ndani ya fremu ya duka ambayo Elisante, kaka yake Ndeshi, alinipa nifanyie shughuli zangu. Hata vyumba tulivyokuwa tunaishi viko nyuma ya nyumba yake. Elisante ni fundi seremala, ana mashamba ya mpunga kule Mabogini, na kanisani kwao anaimba besi. Ninyi nyumbani mlikuwa mnamwombea kila nikiwapa habari zake, na mlikuwa na haki ya kumwombea. Binti yetu alipougua kifua, yeye ndiye aliyembeba mgongoni kwenye mvua hadi tukapata gari.

Basi likaingia gemu jipya, lile la majambazi ambalo vijana walikuwa wanalisubiri kwa hamu. Wewe hujawahi kuyaona haya mambo. Ni kama sinema, ila wewe ndiye unamwongoza mtu aliye ndani. Unampeleka unakotaka, mji mzima ni wako: maduka, madaraja, ufukwe, vilima. Ukitaka aibe gari, anaiba. Ukitaka ampige mtu, anampiga. Siku ya kwanza kibanda kilijaa hadi nikaacha mlango wazi, watu wakawa wanacheza kwa zamu na wengine wanachungulia dirishani.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mpagazi mmoja wa mlimani, msimu huu hana wageni, alimpandisha yule mtu kilima hadi juu kabisa, akatikisa kichwa, akasema, "Huu mlima wa wapi, mtu anafika juu hajahema hata kidogo?" Dada mmoja muuza mitumba alimwingiza kwenye duka la nguo, akakaa humo zamu yake yote anamvalisha na kumvua, watu wakalalamika, yeye akawaambia hajaona duka safi namna ile tangu azaliwe. Mwingine alimgonga mtu kwa gari makusudi aone itakuwaje, na ikaja gari ya wagonjwa inapiga king'ora. Kibanda kizima kikapiga kelele: "Yaani hata gari ya wagonjwa inakuja!" Tulicheka, dada. Nilicheka na mimi.

Ikafika zamu ya Kisali. Huyu ni dereva wa bodaboda, kijiwe chake kiko palepale mbele ya fremu yangu, na ndiye rafiki wa kwanza niliyempata mji huu. Kwao ni Kirua Vunjo, juu huko. Mwaka jana wakati wa mavuno ya mpunga, mdogo wake, Anaeli, aliuawa Mabogini. Alikuwa na desturi ya kushuka kuchukua pumba za mpunga kwa ajili ya ng'ombe wa mama yao. Siku hiyo pampu ya maji ya mtu ilikuwa imeibwa, wakamwona anapita na gunia, mtu mmoja akapiga yowe la mwizi. Kwenye gunia kulikuwa na pumba. Hawakulifungua mpaka walipomaliza. Pampu haijapatikana hadi leo, na polisi kila walipouliza nani alikuwepo, jibu lilikuwa moja, wananchi. Mimi nilipanda Kirua kwenye mazishi, nikashika koleo pamoja na ndugu zake.

Kisali alikaa, akashika pedi ya kuongozea gemu, akaanza kumtembeza yule mtu taratibu. Kwenye taa nyekundu alisimama. Wenzake wakaanza kumzomea kwa utani wa Kichagga: "Mangi, umekuja kuomba kazi au kucheza? Iba ile pikipiki!" Akawasikiliza. Akamwangusha mwenye pikipiki, akaipanda. Watu wote waliokuwa barabarani mle ndani wakatawanyika, wanawake wanapiga mayowe, wengine wanaruka vichochoro.

Kisali akasimamisha pikipiki. Akasema polepole, kama anajiuliza mwenyewe, "Mbona wanakimbia?"

"Si umeiba," mmoja akamjibu.

"Najua nimeiba. Huku kwao mtu akiiba wanamkimbia?" Akageuka kuniangalia. "Bene, hakuna kitufe cha kuwaambia kwamba hujaiba?"

 Wakati huo Elisante alikuwa ameingia, amesimama nyuma kabisa karibu na mlango anakula hindi la kuchoma. Alikuwa amesikia sifa za gemu, amekuja kuliona. Alikuwa anafurahi kama wengine. Kisali alimjua kwa sura kama mwenye fremu, na yeye alimjua Kisali kama dereva tu. Hakujua ni ndugu wa nani. Akasema kwa sauti yake ile nzito inayojaza chumba:

"Hao wazungu hawajui mwizi anavyofanywa. Sisi yule wa pampu kule Mabogini tulimfunika kichwa na koti lake mwenyewe. Alikuwa anatutaja kwa majina, mmoja mmoja."

Akacheka kidogo, akang'ata hindi.

Dada, kuna baadhi walioendelea kucheka kwa sababu hawakusikiliza. Kisali hakugeuka. Aliweka pedi juu ya mapaja yake, yule mtu wa kwenye gemu akabaki amekaa juu ya pikipiki katikati ya barabara, polisi wa humo wakaja wakampiga risasi, kioo kikawa cha kijivu. Mimi nilikuwa najua, kwa kuwa Kisali ndiye aliyeosha maiti, kwamba Anaeli aliletwa nyumbani koti likiwa limefungwa kichwani kwa mikono ya koti lenyewe. Jambo hilo hawakulisema msibani. Aliniambia mimi tu.

Kisali akasimama, ndipo akamtazama Elisante. "Alikutaja na wewe?"

"Nani?"

"Anaeli. Alikuita jina?"

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni kaka yake."

Elisante aliliangalia lile hindi mkononi kama haelewi limefikaje hapo. Akatoka. Nilidhani Kisali atamfuata, nikasogea mlangoni kumzuia, lakini alibaki palepale. Akawauliza waliokuwepo, "Mmesikia?" Mpagazi akasema alikuwa anaangalia simu. Yule dada wa mitumba akainama kuokota mfuko wake. Mmoja mmoja walitoka, na kila aliyetoka alikuwa na sababu.

Akaniuliza mimi wa mwisho. "Bene, umesikia?"

"Nimesikia," nikamwambia.

Jioni ile kabla giza halijaingia Elisante alikuja uani kwetu na maziwa, kama kawaida yake. Akakaa kwenye kigoda. Hakugomba. "Shemeji," akasema, "mle ndani kulikuwa na makelele ya gemu. Kwenye makelele mtu anaweza kusikia chochote."

Akayaweka maziwa karibu na miguu yangu.

"Umekuja huku hujui mtu. Mimi nilikuuliza unatoka wapi? Nilikuuliza dini, nilikuuliza kabila?"

"Hukuniuliza, shemeji."

"Basi."

Ndeshi alikuwa anamenya ndizi. Mimi nilikuwa nimeshamweleza, na yeye alikuwa amenijibu kwa hasira kwamba nimesikia vibaya, kwamba kaka yake hawezi hata kumchinja kuku. Lakini hapo aliweka kisu chini. Akamuuliza kwa Kichagga kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie: "Kaka, ulikuwepo?"

 Elisante akasema, "Mimi nilishika koti tu."

Hakuna aliyemgusa, dada, lakini alianza kulia kama mtu anayepigwa. Alisema aliyepiga yowe si yeye. Alisema walikuwa wengi, akataja majina, alisema ukisimama pembeni nao wanakuona mwenzake mwizi. Alisema kijana yule alimwita kwa jina la mtoto wake, "baba Glory, baba Glory, ni mimi", na kwamba alipolivuta lile koti kumfunika alikuwa anataka sauti ile ikome, basi. Ndeshi aliingia ndani akajifungia. Maziwa yalikaa pale hadi yakaharibika.

Nilimwomba aende polisi mwenyewe. Nilimwambia, shemeji, nenda kaseme kama ulivyosema hapa, nitakusindikiza. Akasema atakwenda. Kesho yake akasema anamalizia kitanda cha mteja. Siku iliyofuata alikwenda Rombo, Tarakea kule kwa mama yao, na aliporudi hakuja peke yake. Alikuja na wajomba. Wakanikalisha. Mjomba mkubwa akaniambia kwa upole kwamba aliyekufa hafufuki, kwamba watazungumza na familia ya Kirua kwa njia za kiukoo, pombe ya mbege itanywewa na mambo yatapoa. Nikawauliza kama watawaambia wale watu majina ya wote waliokuwepo. Wakatazamana. Mjomba akasema, "Wewe ni mkwe wetu. Usitufanyie ugeni."

Niliondoka pale nikaenda polisi na Kisali, tukaandika maelezo. Sikuona ushujaa wowote ndani yangu, nakuambia kweli. Niliomba kwenda chooni zaidi ya mara moja. Nilitaja hindi, nilitaja koti, nilitaja majina aliyoyasema Elisante uani. Walimchukua kwenye karakana yake akiwa anapiga randa, na baada yake wakachukuliwa wengine. Sasa kesi iko mahakamani, bado inatajwa tu, haijaanza kusikilizwa.

Fremu wameifunga kwa kufuli lao na televisheni zangu zimo ndani. Vyombo vyetu tulivikuta nje, vimepangwa vizuri kabisa, vimefunikwa turubai visilowe. Huyo ni mama mkwe, aliyeshuka kutoka Tarakea baada ya mwanawe kukamatwa. Alitutoa lakini hakutaka vilowe. Tumehamia chumba kimoja huku upande wa pili wa Pasua. Mama huyo nilimwamkia njiani, akaitikia shikamoo yangu kwa kumwangalia mtoto, si mimi. Ndeshi akienda sokoni anauziwa, anarudishiwa chenji, hakuna anayemuuliza habari za nyumbani. Mke wa Elisante alimwambia mbele za watu kwamba amezaa na mtu aliyemuuza kaka yake. Ndeshi hajanilaumu, dada. Ameniambia nilifanya sawa, akaniambia pia kwamba kwa sasa hawezi kuisikia sauti yangu. Yote mawili nayaamini. Ndiyo maana namtuma kwako. Usimlazimishe kuongea. Mpe kazi za mikono, anapenda bustani, na akilia mwache alie.

Jambo moja sijamwambia yeye, nakuambia wewe. Juzi nilipanda Kirua kwa mama yake Kisali. Alikuwa kihambani, chini ya migomba, anamkatia ng'ombe majani. Kisali alimwambia, mama, huyu ndiye aliyesikia. Akaweka panga chini, akajifuta mikono kwa kanga, akanikaribisha kwenye gogo, naye akakaa karibu yangu sana. Akataka nimwambie maneno yote yalivyosemwa, nisiruke hata moja. Nikamwambia. Niliposema kwamba Anaeli alikuwa anawataja watu kwa majina, akanishika mkono.

"Na mimi aliniita?" akauliza.

 Elisante hakusema hivyo, nami nimeapa kusema nilichosikia tu. Nikamwambia, "Mama, hilo sikulisikia." Akaendelea kunishika mkono. Hakuniuliza tena. Alinipa mkungu wa ndizi niondoke nao, na nilishuka nao hadi barabarani nikiwa sioni vizuri ninapokanyaga.

Nisalimie mjomba wa mashine ya kukoboa, mwambie nilipata ujumbe wake wa msiba na nitakuja kuhani nikipata nafasi. Nisalimie mama mdogo, shangazi wa kule misheni, na mumeo, shemeji yangu, umwambie ile redio aliyoniomba nitamtafutia nyingine. Watoto wako wote wabusu, hasa yule wa mwisho ambaye hanijui. Padre akiuliza habari zangu mwambie aniweke kwenye sala, na amweke Elisante vilevile, simtanii.

Mlitaka nije pamoja na hawa, najua. Mjomba mkubwa wa huku naye alinitumia mtu kuniambia kwamba nikipanda basi nirudi kusini, kila mtu atapumzika na kufuli la fremu litafunguliwa nichukue vitu vyangu. Wale wengine waliokuwa kibandani wote wamekana. Hakimu ataita shahidi, na nikiwa Ndanda siku hiyo hakuna atakayesimama ila Kisali, na huyo watasema ni ndugu wa marehemu. Binti yangu akiuliza baba yuko wapi, mwambie yuko Moshi, anasubiri kuitwa jina.

Ndugu yako akupendaye,
Benedikti