Pumzi ya Kaka Yako

Wifi yangu mpenzi,

Huku visiwani tunakula, tunalala, na asubuhi tunabeba mitungi ya hewa mgongoni kwenda kutazama samaki. Kaka yako ameungua pua kwa jua.

Jana, chini kabisa, mtungi wake uligoma. Mwalimu wetu wa kuzamia alitufundisha: ukikosa hewa mguse mwenzako, mpokezane mpira wa kupumulia. Kaka yako alining'oa wangu mdomoni. Nilipoomba zamu yangu, akanisukuma uso kwa kiganja, kile chenye pete, huku ananitazama. Mwalimu ndiye aliyenipa hewa yake.

Si ulisema harusini kwamba yuko tayari kunifia? Nilikukumbuka nikimeza maji ya chumvi.

Leo ameniomba nisimwambie mtu, hasa mama yenu. Nimekubali. Ndiyo maana nakuandikia wewe, mdomo usio na breki. Mama siku hizi hasikii vizuri, kwa hiyo msomee kwa sauti, na dirisha liache wazi.

Anakusalimu. Amekaa hapa pembeni, anasubiri nimalize barua hii akaipeleke posta mwenyewe. Nimemwambia nakusimulia habari za samaki.

Wifi yako,
bado napumua.