Gari la Babu Lililokwama Langoni

Kitale,
Jumamosi asubuhi

Babu yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Kabla sijakuuliza habari za mguu wako, niruhusu niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Dada Zuhura ambaye nililala naye chumba kimoja mpaka usiku wa kuamkia harusi yake. Nilijua kwamba gari lako halifai kurudishwa nyuma. Nilijua kabla halijavunjika. Niliulizwa, nikasema liko sawa.

Nimetanguliza maneno hayo kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu, ningejaza ukurasa mzima kwa salamu, kisha ningejidanganya kwamba karatasi imekwisha. Kwa simu siwezi kabisa. Ukipiga, Mama Mdogo huweka spika ili nyumba yote ikusikie, nami huishia kusema "niko salama, Babu," basi.

Sasa, hujambo? Bibi anasema uvimbe umepungua na kwamba unafika msikitini bila kuketi njiani. Ni kweli, au anatutuliza tu? Mvua imefika huko Bungoma? Hapa watu wameshapanda mahindi, na asubuhi baridi inapenya hata sweta la shule. Sisi sote ni wazima. Masomo ya kidato cha tatu ni mengi lakini nayaweza. Kusoma sijawahi kushindwa. Kinachonishinda ni kufungua mdomo.

Ulipomkabidhi Baba Mdogo gari aje nalo Kitale, ulisema Zuhura ataingia Bungoma ndani ya gari lilelile lililomleta Bibi akiwa bibi arusi, na mama yangu baada yake. Ukasema pia kwamba harusi haiingii mjini ikipiga kelele kama mashine ya posho, kwa hiyo ovadraivu lazima ifanye kazi. Wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa mdogo kwamba ovadraivu ni kama gia ya ziada iliyojificha nyuma ya giaboksi: ukiiwasha ukiwa gia ya nne, injini inapumzika na gari linakwenda kwa kasi ileile. Baba Mdogo alifika hapa akilalamika kwamba tangu Chwele alikuwa akibonyeza kile kiwashio kando ya usukani na hakuna kitu, injini inalia tu.

Tulilipeleka kwa Fundi Wekesa. Nilikwenda na Baba Mdogo kwa sababu kitabu cha gari kimeandikwa kwa Kiingereza na herufi zake ni ndogo kama mchanga. Wekesa alinipa kopo nikalie akasema, "Haya, soma, mwalimu. Polepole, mimi nina masikio ya Kibukusu." Nikasoma. Kwanza tukapima oili, kwa sababu giaboksi na ovadraivu hunywa oili moja. Ilikuwa imepungua kidogo, akaongeza. Halafu akalala chini ya gari, nami nikaketi kwenye kiti chako, nikafungua umeme bila kuwasha injini, nikaweka gia ya nne na kubonyeza kiwashio. Kitabu kinasema lazima usikie mlio, ta, kutoka chini. Tulisikia kuku wa jirani tu.

Basi Wekesa akaufuata waya kwa kidole mpaka akakuta mahali ulipokuwa ukisuguana na chuma juu ya giaboksi, umekatika. Akauunga, akaufunga vizuri. Nilipobonyeza tena ikasikika ta, naye akacheka kule chini akasema, "Amejibu, bana." Tukaenda barabara ya Saboti kulijaribu, na pale penye tambarare sauti ya injini ikashuka kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna mgonjwa ndani ya nyumba. Babu, ningependa ungeisikia.

Tuliporudi gereji Wekesa aliomba alibakishe gari mpaka kesho yake. Alitaka kulijaribu likiwa na joto, awashe na kuzima mara nyingi, maana kitu kilicholala muda mrefu kikiamshwa kinaweza kukataa kulala tena. Baba Mdogo akasema kesho ndiyo harusi yenyewe, na gari bado halijaoshwa wala kupambwa. Tukaondoka nalo.

Njiani ndipo nilipogundua. Baba Mdogo alizima ovadraivu tulipokaribia mjini, lakini sauti ya injini haikubadilika. Tulipotaka kuondoka kwenye mzunguko, kwa gia ya kwanza, gari lilikuwa zito, likatetemeka karibu lizime. Yeye alilaumu viatu vyake vipya. Mimi nilifungua kitabu mapajani. Ovadraivu ikikwama ikakataa kuzima, kinasema, gari linaweza kwenda mbele, lakini lisirudishwe nyuma hata hatua moja, kwa sababu kuna klachi ndogo humo inayozunguka upande mmoja tu, na ukiilazimisha upande wa pili inapasuka.

Nikafunga kitabu. Nilijiambia nitasema tukifika nyumbani.

Nyumbani tuliwakuta wazee kutoka Bungoma wameshafika. Gari likaachwa barabarani nje ya lango. Nikapeleka chai. Baba Mdogo akawaambia kwa furaha kwamba huyu ndiye injinia wetu, yeye ndiye aliyesoma mpaka gari likapona. Mjomba mmoja wa bwana arusi akaniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani akasema, "Injinia? Si basi atampikia bwana wake chapati za ovadraivu." Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Hakuwa na ubaya, Babu, ni utani wa harusi tu, na labda msichana mwingine angemjibu. Mimi nilirudi jikoni na sikutoka tena. Kila nilipochungulia, Baba Mdogo alikuwa katikati ya watu.

Asubuhi ilipofika, unajua desturi yetu ilivyo. Gari la bibi arusi huingizwa uani kinyumenyume, ili yeye akipanda litoke moja kwa moja likitazama barabara, asianze safari ya ndoa kwa kurudi nyuma. Uani hapa ni padogo na lango ni jembamba, kwa hiyo wazee walisimama huku na huku wakielekeza, rudi, kata kulia, rudi. Wanawake walikuwa wameshaanza vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na nguzo ya lango nikiwa na sinia la marashi.

Baba Mdogo alikuwa ameshaweka gia ya kurudi. Akasita. Sijui kwa nini alisita. Akatoa kichwa dirishani.

"Salma, wewe ndiye mwenye kitabu. Gari iko sawa?"

Watu wote wakageuka kunitazama, na yule mjomba wa chapati pia.

"Iko sawa," nikasema.

Gari lilirudi kiasi cha urefu wake, kisha ikatoka sauti kama ya mtu anayetafuna kokoto, na likasimama. Halikwenda mbele wala nyuma. Lilikuwa nusu ndani nusu nje, limeziba lango pande zote mbili na maua yake juu ya boneti. Vigelegele vikakatika.

Zuhura ilibidi apitishwe kwa jirani yetu, Mama Njeri. Yule mama Mungu amlipe, aling'oa mwenyewe mbao za ua wake na kutandika leso zake za kanisani juu ya sukuma wiki ili nguo isichafuke. Zuhura akapita amenyanyua gauni, akasema angalau hajatoka kinyumenyume, na watu wakacheka tena. Mimi sikuweza kucheka. Aliletwa kwenu na gari la kukodi. Bibi aliniambia baadaye kwamba ulikuwa umetolewa kiti mpaka kando ya barabara ili uisikie sauti ya gari lako kwa mbali, na kwamba lile jingine lilipofika uliuliza, "Langu liko wapi?"

Hilo peke yake lingetosha kunikosesha usingizi, lakini kuna lingine ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Siku ileile Baba Mdogo alisema Wekesa ndiye aliyelipasua gari la Mzee. Alisema kwa hasira, na hakuwa na sababu ya kudhani vinginevyo. Alirudia kwenye kile kibao cha kukalia nje ya msikiti wa hapa ambapo wanaume hungojea Magharibi, na unajua neno likikaa pale halikai kimya. Mwenye pikapu inayopeleka ng'ombe Chwele alikwenda kuichukua gereji kwa Wekesa kabla haijamalizwa. Wengine nao wakaacha kwenda. Nasikia hata wewe umesema hutaki jina la Wekesa litajwe nyumbani kwako, Wekesa uliyekuwa ukimwita mwanangu.

Alikuja hapa mara moja, akaomba alione gari. Baba Mdogo alimzuia palepale langoni. Nilikuwa nyuma ya pazia nimefungua kitabu cha shule, sisomi.

Wekesa alisema, "Mimi nilisema tuiache hadi kesho."

"Kesho yako ndiyo hii," akajibiwa.

Akaondoka na kisanduku chake cha spana hata hajakifungua. Nilikuwa na maneno yote kichwani, yamepangika vizuri kama insha. Nikayabakisha humo. Babu, naona haya nikikumbuka wakati wa gari kuvunjika, lakini nikikumbuka pazia lile naona haya zaidi. Langoni niliogopa kwa kushtukizwa. Nyuma ya pazia nilikuwa na nafasi ya kufikiri, na nilifikiri, na nilichagua kunyamaza.

Usimkasirikie Baba Mdogo. Aliuliza. Na tafadhali usimkasirikie Wekesa. Waya alioufunga mpaka leo ni mzima.

Nisalimie Bibi, umwambie yale mafuta ya mnyonyo aliyonitumia nimeyafikia nusu. Nisalimie Shangazi muuza vitambaa pale sokoni, na Dada Zuhura, ambaye sasa ni mwenyeji huko kuliko mimi. Msalimie pia shemeji yangu mpya, ingawa tangu aje sijamwambia zaidi ya shikamoo.

Nilikuwa nimeikunja barua hapo. Sasa ni jioni ya siku hiyohiyo na nimeikunjua, kwa sababu niliona kwamba kukuandikia wewe uliye mbali ni njia nyingine tu ya kukaa nyuma ya pazia.

Baada ya chakula cha mchana nilimwambia Baba Mdogo. Alikuwa akinoa panga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nilikuwa nimekisoma kile kitabu kabla hajaniuliza pale langoni, nikasema ndiyo. Akaendelea kunoa. Kisha akasema atakwenda kumwona Wekesa. Nikamwomba nitangulie mimi.

Gereji ilikuwa tupu isipokuwa pikipiki moja. Nilimwambia Wekesa nikiwa nimesimama, nikiangalia viatu vyake. Alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akasema. "Mimi nilijua ile gari haikuvunjwa na waya. Enda uambie wale wa kibao."

Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikumwomba aniambie.

Nikaenda msikitini. Wanaume walikuwa wamejaa kwenye kibao, na Baba Mdogo alikuwa ameketi mwishoni. Aliponiona hakusimama wala hakuniita, alisogeza tu fimbo ya jirani yake ili nipate pa kusimama. Niliwaamkia. Nikasema kwamba Fundi Wekesa hakuharibu gari la Babu yangu, kwamba aliomba libaki gereji akanyimwa, na kwamba mimi nilijua lisirudishwe nyuma nikasema liko sawa. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mzee mmoja asiyesikia vizuri akaweka mkono sikioni akaniambia nirudie.

Nikarudia.

Mjukuu wako,
Salma