Sanamu Yenye Uso wa Venant

Bukavu, Jumatatu

Kwako yaya Madeleine, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi katika Bwana. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na watoto? Sisi hapa tunapumua, Mungu asifiwe, ila moyo wangu hautulii tangu jana. Hata simu naiogopa, ndiyo maana naandika.

Jana baada ya misa Elodie alinisumbua nimpeleke kwenye bustani ya kando ya ziwa, ile yenye kidimbwi na masanamu. Unamjua binti yangu: nimemfundisha asipite mbele ya mkubwa bila kumwamkia, basi akawa anawaamkia hata watu wa saruji. Jambo maman wa kitunga. Jambo muzee wa fimbo. Nilicheka mpaka maharusi waliokuwa wakipigwa picha wakanigeukia.

Kumbe nilimsahau mpiga ngoma. Delphin, aliyemchonga, ni rafiki wa ndugu yetu Venant, na aliipa sanamu hiyo uso wa Venant, kovu la shavuni vilevile. Elodie akamwamkia mjomba wake kwa sauti: "Jambo, tonton Venant!"

Ukingoni mwa maji walikaa wanaume wawili wenye bunduki, wa kundi lile linalomtafuta Venant tangu aliposema redioni juu ya vijana waliochukuliwa kwa nguvu. Mmoja akaja, akauliza Venant gani, na yuko wapi. Yaya, mdomo ukatangulia akili: nikasema alizama mtoni Ruzizi, mwili haukuonekana, tukamzikia mgomba badala ya mwili huko kwenu Nyangezi, kwa baba. Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Akajibu kwamba wao hupita Nyangezi, watataka kuliona kaburi hilo.

Basi nakusihi, chimbeni leo hii. Zikeni mgomba, jirani waje kwenye kilio. Najua kumzikia mtu hai mgomba ni kumwitia mauti. Naogopa hilo kuliko bunduki, rozari haijatoka mkononi.

Maana Venant hakukimbilia Burundi kama nilivyowaambia. Yuko hapa kwangu, darini, juu ya plafond. Elodie mwenyewe hajui kwamba tonton wake analala juu ya kichwa chake.

Mama mwambieni alizama. Hajui kudanganya, na wale watamtazama machoni. Mungu anisamehe.

Msalimie shemeji na wote wa nyumbani. Barua hii itie motoni. Venant naye anakusalimu sana, na anamsalimu Mama, lakini salamu hizo usimfikishie.

Mdogo wako,
Olive