Koti la rubani, mgongo wangu

Jumapili, usiku

Na bado mikono ya koti hili la ngozi haijalainika. Nimelivua, likabaki limeketi kwenye kiti na viwiko vimekunjwa, kama mgeni anayesubiri sahani ya bukari.

Muuzaji aliapa kwamba ndivyo walivyovaa marubani wa zamani. Wiki nzima nimekuwa nikimhubiria mke wangu Béa kwamba ngozi hulainika polepole, mtu avumilie tu. Rubani gani mimi, ninayeogopa hata ndege inayopita juu ya nyumba.

Leo nikalivaa kwenda na Béa Kasungami kumsalimia mama mkwe. Kwao mkwe huchuchumaa na kupiga makofi taratibu. Nilipofika nusu ya kuchuchumaa, koti likagoma. Kola ikapanda hadi masikioni, viganja vikakataa kukutana. Nikaganda hapo, sikusimama wala sikuchuchumaa.

"Papa, mugongo inakuuma?" mama mkwe akauliza.

Ningesema ukweli. Lakini Béa alishaniambia dukani kwamba linanibana, nami nikambishia mbele ya watu.

"Ndiyo, mama. Inauma sana."

Mama wa watu akaingia ndani akihangaika, akatoka na chupa ya mawese yaliyolowekwa pilipili. Akamwagiza binti yake anikande kila jioni mpaka chupa iishe.

Béa anajua kila kitu. Amenikanda sasa hivi kwa nguvu zake zote, mgongo unawaka moto, ninaandika haya nikiwa nimelala kifudifudi. Nilipoguna, alisema neno moja tu:

"Vumilia, papa. Ngozi inalainika pole pole."